Siri ya nyumbani iliyokuvuruga ukiwa kijana: watu wa kusini tupeane uzoefu

Naanza mimi, Tandahimba. Nilikuwa kidato cha pili, nalelewa na bibi mzaa mama, mama yuko Dar anatafuta. Baba niliambiwa alizama mto Ruvuma kabla sijaanza kutembea. Uani kulikuwa na chumba cha kuwekea korosho, ufunguo bibi kaufunga kwenye pindo la kanga. "Mna nyoka humo." Basi.

Sasa nyoka gani anakula ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini? Maana usiku bibi alikuwa anatoka na sahani kaifunika, anarudi nayo tupu. Korosho zote zilishapelekwa chama cha msingi cha ushirika kuuzwa, chumba kitupu, lakini kinakohoa. Nikaacha kulala. Nahesabu hatua za bibi gizani, panga chini ya mkeka, darasani nasinzia. Nikasema humo ndani kuna mtu. Wakasema mtoto kapandwa na mashetani. Nikafukizwa, nikachanjwa chale, mjomba kanishika miguu. Nilifika mahali nikaamini kweli naumwa, kile kikohozi kiko kichwani mwangu.

Siku moja bibi akafua kanga, ufunguo akausahau dirishani. Nikafungua. Mwanaume kakaa mkekani, ndevu hadi kifuani, masikio yake ndiyo haya yangu. Akaniuliza, "Umeshakula?"

Mdau wa Nachingwea: Yangu ndogo. Nafuatilia kitambulisho cha taifa, naambiwa nilete cheti cha kuzaliwa. Kukisoma, jina la mama ni la dada yangu mkubwa, yule tuliyekuwa tunagombania kitanda. Nilimnunia miaka miwili. Si kwa kunizaa, ni kwa kunitumatuma dukani kama mdogo wake!

Mdau wa Lindi mjini: Bibi yetu alivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita vya kumtoa Mreno, vile vya 1964 hadi 1974. Usingizini anaita jina la mtoto ambaye kwetu hayupo. Ukimuuliza asubuhi, kofi. Nikawa naogopa kulala chumba kimoja naye, nahisi huyo mtoto yumo. Bibi kaenda na siri yake.

Mdau wa Masasi: Mleta mada, mjomba alikuwa anajua?

Mleta mada: Anajua kila kitu. Si unajua kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye msemaji. Baba alipochanganyikiwa ndugu zake walimkataa, bibi akamchukua mkwewe kimyakimya. Mjomba akakubali kwa sharti nisiambiwe, eti nitachekwa kijijini. Baada ya siku ile baba alipelekwa hospitali, akaanzishiwa dawa, akawa anashinda barazani anabangua korosho.

Bibi sina kinyongo naye, alimlisha mtu aliyekataliwa na damu yake. Ila mjomba alinishika miguu huku anajua nasema kweli. Tulikaa naye miaka mingi, tukala sahani moja, sikumuuliza. Kaburini nilishuka mimi kumpokea. Chale ziko hapa kifuani, mke wangu anadhani ni za jando.