Majina ya prosesa na soketi: huku ni kuuziana mbuzi kwenye gunia

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, anayetaka lugha laini apite. Watengenezaji wa prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, wanajua fika kwamba mnunuzi wa kawaida anasoma herufi za mwanzo tu, "i7" ya Intel au "Ryzen 5" ya AMD, halafu anafungua pochi. Ukweli wote wameuficha kwenye tarakimu na herufi zinazofuata, na kila baada ya miaka michache wanabadilisha namna ya kuzisoma.

Tuanze na matangazo. "Kompyuta mpakato i7, RAM 16GB." i7 ipi? i7-7500U ina kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) 2. Ndiyo, mbili! i3-12100 ya mezani ina kori 4 na inaiacha mbali hata i7-7700 iliyokuwa ikitamba enzi zake. Kwa hiyo "i7" peke yake haisemi kitu. Tarakimu zinazofuata kistari ndizo zenye kizazi: 8700 ni cha 8, 10400 ni cha 10. Herufi ya mwisho ndiyo tabia yake: K inaruhusu kupandishwa kasi, T imebanwa umeme, U ni ya mpakato wa kubana betri, H ni ya mpakato wenye nguvu.

F ndiyo inayoliza watu. Maana yake haina grafiki ndani. Mtu anafunga i3-12100F, anachomeka waya wa skrini kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), feni zinazunguka, skrini nyeusi tii. Anarudisha prosesa akisema ni kimeo. Si kimeo, inadai kadi ya grafiki. Upande wa AMD mambo yamepinduka: kwenye Ryzen 5000 za mezani ni zenye G tu ndizo zina grafiki, lakini Ryzen 7000 za mezani karibu zote zinayo, isipokuwa za F kama 7500F. Kanuni uliyoikariri kwa soketi moja (tundu la bodi linalobeba prosesa) inakuumbua kwenye nyingine.

Halafu kuna usanii wa mpakato, na hapa hakuna aliye msafi. Mwaka 2022 AMD walitoa kanuni mpya: tarakimu ya kwanza ni mwaka wa kutoka sokoni, na ya TATU ndiyo inayosema teknolojia. Hivyo Ryzen 5 7520U, inayosikika kama ndugu wa 7840U, ni Zen 2, teknolojia ya 2019, wakati 7840U ni Zen 4. Nani anayekaa dukani akihesabu hadi tarakimu ya tatu? Intel nao kizazi cha 10 waliweka familia mbili chini ya paa moja: i7-10510U ni utengenezaji wa zamani wa nanomita 14, i7-1065G7 ni mpya zaidi wa nanomita 10 na grafiki yake ni nyingine kabisa. Sasa wameifuta ile "i". Core Ultra 7 155H ni kitu kipya, Core 7 150U bila "Ultra" ni teknolojia ya kizazi cha 13 iliyovalishwa kanzu mpya. Neno moja tu ndilo linalotenganisha.

Hayo ya majina utayavumilia. Soketi ndiyo inayokula pesa ya watu.

Mtu anaona LGA1151, soketi ya Intel, kwenye bodi, anaona LGA1151 kwenye prosesa, ananunua. Prosesa inaingia vizuri, kufuli linafungwa, mashine haiwaki. Sababu: LGA1151 ni mbili. Bodi za chipseti (chipu inayosimamia bodi) za mfululizo wa 100 na 200 (H110, B150, B250, Z270) ni za kizazi cha 6 na 7. Za mfululizo wa 300 (H310, B360, Z370) ni za kizazi cha 8 na 9. Pini zilizokuwa za akiba ziligeuzwa kuwa za umeme, na BIOS ya zamani (programu ya bodi inayowasha mashine) haiitambui prosesa mpya. Kuna mafundi walioziba pini kwa utepe na kuchokonoa BIOS hadi 8700K ikawaka kwenye bodi za zamani, jambo linalokufanya ujiulize kama kweli ilikuwa lazima. Lakini wewe mwenye kompyuta ya kazi usiende huko.

LGA1200 nayo ina mtego wake. Kizazi cha 10 na cha 11 wote wanakaa humo, ila bodi za H410 na B460 za kawaida zinakataa cha 11. H470 na Z490 zinakubali baada ya kusasisha BIOS. Kwenye LGA1700 kizazi cha 12, 13 na 14 wanaelewana, tatizo likahamia kwenye RAM: B660 moja inatoka na nafasi za DDR4, nyingine za DDR5, na mkato wa kadi ya RAM hauko sehemu moja. Ukilazimisha utavunja.

AM4, soketi ya AMD, inasifiwa kwa kudumu, na sifa hiyo ni halali. Ila usidanganyike kwamba kila kinachoingia kinawaka. Bodi ya B550 haikubali Ryzen 1000 wala 2000. Zaidi ya hapo, inakataa Ryzen 3 3200G japo jina linaanza na 3, kwa sababu ndani ni Zen+, si Zen 2 kama 3600. Bodi za A320 na B350 ziliruhusiwa rasmi kupokea Ryzen 5000 mwaka 2022, na nyingi zina chipu ya BIOS ya MB 16 tu, hivyo kwenye baadhi, toleo jipya la BIOS linafuta utambuzi wa prosesa za zamani ili kupata nafasi. Ukishasasisha, prosesa yako ya kwanza inaweza isiwake tena hapo.

Na Xeon za bei rahisi zilizotolewa kwenye seva: E3-1230 v3 inakaa kwenye bodi nyingi za kawaida za LGA1150. E3-1230 v5 inadai chipseti C232 au C236, kwenye H110 haiwaki hata ukiiombea.

Kabla hujalipa, fungua msinfo32 kwenye Windows, andika jina kamili la bodi na toleo la BIOS. Kwenye Linux ni sudo dmidecode -t baseboard kwa bodi na sudo dmidecode -t bios kwa BIOS. Nenda tovuti ya mtengenezaji wa bodi, tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, soma safu ya toleo la chini la BIOS. Prosesa haimo? Basi, hata soketi ikifanana. Imo ila BIOS yako ni ya nyuma? Sasisha ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani, usiing'oe kwanza. Ukishaiuza, lililobaki ni kuomba bodi iwe na kitufe cha kuandika BIOS bila prosesa: flashi ya FAT32, faili lipewe jina lilivyoelekezwa kwenye kitabu, tundu la USB lililowekewa alama, umeme usikatike.

NYONGEZA: Mnaouliza kama kipoozeo cha prosesa kinahamia soketi nyingine. LGA1156, 1155, 1150, 1151 na 1200 umbali kati ya matundu ya kufungia ni milimita 75, kipoozeo kinahama bila shida. LGA1700 ni 78, kinahitaji vishikio vipya. AM4 kwenda AM5 (soketi ya AMD iliyofuata) vingi vinaingia, ila usitupe bamba la nyuma la AM5. Na kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe: washa mashine ipate joto dakika kama kumi, zima, chomoa umeme, fungua vishikio, kisha nyonganyonga kipoozeo kushoto na kulia hadi gundi ya joto iachie. Ukikivuta juu kwa nguvu, prosesa inatoka nayo huku soketi bado imefungwa, na utakaa usiku kucha ukinyoosha pini kwa wembe.