Hivi tukisema "mtoto ana kimeo" huwa tunamaanisha nini? Mi naona hiyo kauli ndo inawapeleka watoto kwenye kisu

Wakuu naomba tujadili hili kwa utulivu maana linahusu watoto wetu, na najua wengi mtanipinga kwa sababu nyumba nyingi za Tanzania zina mtu aliyekatwa kimeo na yuko mzima hadi leo.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya koo, wengine wanaita kilimi, wengine kidakatonge. Kila binadamu amezaliwa nacho. Kinasaidia kuziba njia ya pua ukimeza ili chai isitokee puani, na kinalainisha koo. Sasa kusema "mtoto ana kimeo" si sawa na kusema mtoto ana pua? Ila mtaani maneno hayo yameshakuwa jina la ugonjwa, tena ugonjwa wenye tiba moja tu, kukata, sijawahi kusikia mtu anasema "ana kimeo, mpe dawa anywe". Halafu tumeongezea na lugha ya vijiweni, simu kimeo, gari kimeo, dili kimeo, kila kitu kibovu ni kimeo, kwa hiyo mama akiambiwa mwanao ana kimeo anachokiona kichwani ni kitu kibovu kilichomo kooni kinatakiwa kitoke leo leo.

Angalia tofauti na mafindofindo. Ukisema "mtoto ana mafindofindo, akimeza analia na usiku alikuwa na homa" hakuna anayewaza wembe, watu watakwambia mpeleke akapimwe. Na ni kweli, mara nyingi ni virusi na inaisha yenyewe, ila ikiwa ni wale bakteria wa koo wanaoitwa streptokoka anahitaji antibayotiki na amalize dozi, maana kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15 hao bakteria wakiachwa wanaweza kuleta homa inayokuja kuharibu vali za moyo. Hata neno "tonsesi" lina tatizo lile lile la kimeo, ni jina la kiungo na ni jina la ugonjwa, na ndo maana wengine wanakimbilia "akatolewe tonsesi" wakati madaktari wenyewe wanafikiria upasuaji huo mtoto akiumwa mara nyingi sana, kama mara 7 ndani ya mwaka mmoja.

Niwaambie kwa nini linaniuma. Mtoto wa dada yangu alikohoa wiki tatu, miaka miwili na nusu, usiku halali. Jirani akamfungua mdomo akasema huyu ana kimeo, kimerefuka hicho mpaka kinagusa ulimi. Dada akampeleka kwa mzee mmoja anayekata, ikaisha dakika mbili. Damu ilitoka siku nzima na sisi hatukujua ni nyingi kiasi gani kwa sababu mtoto alikuwa anaimeza, tulikuja kushtuka ametapika weusi na viganja vimekuwa vyeupe, akaenda kuongezewa damu. Na kikohozi kiko pale pale. Mwezi uliofuata ndo ikagundulika ni TB, aliipata kwa babu yake waliyekuwa wanalala naye nyumba moja, na babu alikuwa anakohoa tangu masika tunasema ni sigara. Dawa za TB ni bure nchi nzima jamani. Mwezi mzima ulipotea, na jibu lilikuwa linakohoa chumba cha pili.

Sasa najua hoja itakayokuja, "mwanangu alikatwa na akapona". Nakuamini kabisa alipona. Ila kikohozi cha mafua kwa mtoto kwa kawaida chenyewe kinakwisha ndani ya wiki mbili tatu, na mzazi anaenda kwa mkataji akiwa ameshavumilia wiki hizo hizo, kwa hiyo kisu kinakuta ugonjwa unaaga kinachukua sifa. Na kimeo kuonekana kimevimba ni kawaida, mtu akikohoa sana usiku na mchana koo zima linavimba na chenyewe kimo.

Lakini hospitali nazo nazilaumu, hapa siwaachi. Mama anapanga foleni tangu saa kumi na mbili, anaingia, anaandikiwa chupa ya amoksilini bila mtoto hata kufunguliwa mdomo, anarudi wiki ijayo anapewa chupa ile ile. Mkataji yeye anamwambia njoo mama, anamulika tochi, anamwonesha, unakiona hiki? Amepewa jibu la kuona kwa macho. Kati ya hao wawili wewe ungemwamini nani? Kwa hiyo serikali ikisema itawakamata wakataji tu mimi naona watahamia vyumba vya nyuma, na kisu kile kile kitapita koo la huyu na la yule, hapo kuna pepopunda na kuna virusi vya ukimwi.

Mi napendekeza tubadilishe tunavyosema. Acha "ana kimeo", sema kinachoonekana: anakohoa wiki ya ngapi, anapungua uzito, anakoroma na kulala mdomo wazi, nani mwingine anakohoa hapo nyumbani. Ukihesabu pumzi zake ametulia na zimefika 50 kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au 40 akiwa mwaka mmoja hadi mitano, usiulize jirani, hiyo inaweza kuwa nimonia, beba mtoto nenda.

Karibuni mnipinge, hasa nyie mliowakata wanenu. Kikohozi kilikuwa na siku ngapi mlipoenda, na kiliisha baada ya siku ngapi? Na manesi mliopo, mama akiingia akasema "mwanangu ana kimeo" huwa mnamjibu nini?