Tupeane uzoefu: mgonjwa gani alikufunza kitu ambacho darasani hukukipata?

Afisa wa Likoni

Habari zenu wana afya na wengine wote. Nauliza kwa moyo manake naona tunapoteza elimu nyingi sana. Huku kwetu Likoni mgonjwa akizidi tunamwandikia rufaa, anaingia ambulensi anavuka feri, kisha basi, hatujui tena habari zake. Ilikuwa nini? Alipona? Ile tuliyoandika kwa barua ndiyo ama siyo? Kesho anakuja mwengine na dalili zile zile na sisi tuko pale pale. Mimi naamini mgonjwa mmoja ukimfuata mpaka mwisho wake ukajua ilikuwa nini, anakufunza kuliko semina ya siku nzima ya hoteli. Kwa hivyo leteni: alikuja vipi, watu walidhani nini, ikaja kuwa nini, na wewe siku hizi unafanya nini tofauti. Tafadhali majina ya wagonjwa yasiwepo, wala hospitali, wala picha hata kama uso umefichwa, Mombasa yenyewe ndogo hii watu wanajuana kwa viatu.

Naanza mimi. Ramadhani, alasiri ishapita, baba mmoja analetwa na wanawe kwa tuktuk, mzee mdomo umeenda upande, mkono wa kulia hauna nguvu, ukimuita anakutazama tu. Familia washakata shauri ni kiharusi, presha anayo kitambo, mkewe analia, kijana mkubwa yuko kwa simu anatafuta pesa za skani. Nesi wa zamu, dada mmoja makini sana, kabla ya lolote akamchoma kidole. Sukari 1.7 mmol/L, chini mno. Tukaweka laini, tukampa glukosi ya mshipa, na dawa haijaisha kuingia mzee akavuta ule mkono mbovu akajipapasa kichwa, "Kofia yangu mumeiweka wapi?" Mdomo ukarudi mahali pake. Wallahi wanawe walipiga takbiri pale pale emajensi.

Lakini kilichonifunza zaidi kilikuja baadaye. Tuliuliza dawa, ikatolewa karatasi ya kaki ina glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, na mzee alikuwa amemeza wakati wa daku kama anavyomeza asubuhi siku zote. Dawa hii inalazimisha kongosho kutoa insulini ule usile, na kwa mzee ambaye figo zimechoka inakaa mwilini muda mrefu. Sasa familia wanataka kurudi naye nyumbani akafuturu na wajukuu, ashaamka, anaongea, mbona alazwe? Tukawaomba sana wakakubali, na usiku ule ule sukari ikateremka tena akiwa amelala. Nyumbani wangemfunika shuka wakasema mzee amechoka na saumu. Siku hizi kwetu mtu akiletwa amepooza au amechanganyikiwa kidole kinachomwa kwanza, maswali baadaye, na akizinduka kama alimeza dawa ya aina hii haendi nyumbani siku hiyo.

Duka la Dawa Majengo

Asante kwa hii. Mimi niko kaunta ya dawa, sisi watu hawatuhesabu kama tunaona wagonjwa lakini tunawaona kila mwezi, daktari anawaona mara moja.

Kulikuwa na dada alikuwa akija kununua dawa ya presha, umri wa thelathini na kidogo tu, mwembamba wa mikono na miguu lakini uso ulikuwa ukizidi kuwa duara na nyuma ya shingo panafura. Mara akaongezewa dawa ya sukari. Nikaanza kujiuliza huyu mbona mambo yote haya kwa pamoja na kwao hakuna mwenye sukari. Siku moja duka halina watu nikamuuliza taratibu, dada yangu samahani, uso unapaka nini? Akanyamaza, halafu akafungua mkoba. Makopo mawili ya mkorogo amechanganyiwa na muuzaji, na tyubu za klobetasoli, anapaka mwili mzima asubuhi na jioni tangu harusi yake. Ile ni steroidi kali sana, ya kupaka sehemu ndogo kwa muda mfupi. Ukijipaka mwili mzima miaka, inapita ngozi inaingia damuni, presha juu, sukari juu, uso unafura, ngozi inakuwa laini hata kamba ya kikapu ikimgusa inamwachia alama nyeusi.

Hapa ndugu zangu muwe makini: sikumwambia tupa zote leo. Tezi zilizo juu ya figo zikizoea kuletewa steroidi kutoka nje zinalala, ukikata ghafla mtu anaweza kuishiwa nguvu, presha ikaanguka, hata akafa. Nilimwandikia daktari wake barua fupi na nikazifunga zile tyubu kwa mfuko aende nazo. Alipunguziwa kidogo kidogo. Alikuja baadaye na buibui lake, uso wake wa zamani umerudi, dawa ya sukari aliachishwa na ya presha imebaki moja. Yeye mwenyewe akaniambia niwaeleze wanawake wengine, ndio maana naandika. Hakuna aliyemuuliza kuhusu mafuta kwa sababu mafuta watu hawayaiti dawa.

Mwanafunzi wa Tononoka

Mimi bado nasoma nisameheni. Nilikuwa kwa mzunguko wa wadi, akaja msichana wa 19 na mamake, tumbo linauma chini, asubuhi alianguka chooni. Kwa karatasi alotoka nayo dispensari imeandikwa amiba na UTI. Ukimuuliza kuhusu siku zake anamtazama mama kwanza halafu ndio anajibu, "za kawaida." Mwalimu wetu hakubishana naye. Akamwambia mamake, "Mama, hebu tusaidie kufungua faili pale dirishani", na foleni ya pale mnaijua. Mama alipotoka mwalimu akakaa kwa kiti, hakusimama juu yake, akamuuliza maumivu mengine wapi. Akagusa bega. Bega! Sisi wanafunzi tunaangaliana. Viganja vyake vilikuwa vyeupe na mapigo yanakimbia. Mkojo ukapimwa, mimba ipo, na mimba yenyewe ilikuwa kwa mrija wa uzazi imeshapasuka. Bega linauma kwa sababu damu ikijaa tumboni inagusa ule msuli wa kupumulia na neva yake inapeleka maumivu begani. Aliingia thieta na akatoka salama alhamdulillah, na mwalimu alimuuliza yeye kwanza anataka mamake aambiwe nini na kwa maneno gani.

Kwa kitabu nilikuwa nimesoma kila mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo apimwe mimba. Nilikuwa naijua hiyo sentensi. Ile ya kumtuma mama dirishani haiko kwa kitabu chochote.

Kijana wa Kilindini

Mimi si daktari ila nataka kusema upande wetu. Ami yangu alikuwa kibarua wa kubeba mizigo, mgongo ukamuuma miezi, kila pahali ni tembe za maumivu na mkandaji, manake kuli akilalamika mgongo nani atashangaa. Alipungua mwili, usiku anatoa jasho shuka linakamuliwa. Ni nesi mmoja aliyemwambia vua shati, akapitisha kidole kwa uti wa mgongo akakuta mfupa mmoja umetokeza. TB ya mgongo. Hakuwa na kikohozi hata kidogo. Dawa zilikuwa bure lakini alimeza muda mrefu kuliko wale wa TB ya mapafu, na sasa anatembea anauza machungwa. Naomba tu mjue, vueni watu mashati.

Mzee wa Tudor

Vijana mmenifurahisha. Mimi nimestaafu lakini hili la mgonjwa mmoja nilikuwa nikiwafunza wengi kwa kisa cha jirani zetu Uganda. Mwaka 1957 pale Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell atazame mtoto aliyefura taya pande zote. Hakujua ni nini. Wiki chache baadaye yuko hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani akaona mtoto mwengine na mamake uwanjani, uso ule ule. Akatoka mbio akamtazama, akakuta na tumboni kuna uvimbe. Wengi wangesema ajabu, wakaendelea na raundi. Yeye alirudi kwa mafaili ya zamani akatafuta, akaandika 1958 juu ya saratani hii ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt, na 1961 akafunga safari ya gari na madaktari wawili kama kilomita 16,000 kuelekea kusini, hospitali baada ya hospitali anauliza, mmeuona huu? Wakakuta uko sehemu za joto na mvua, nyanda za baridi haupo. Baadaye vipande vya uvimbe wa wagonjwa hawa ndivyo vilivyowafikisha akina Epstein, watafiti wa London, kuvikuta virusi vinavyoitwa Epstein-Barr 1964.

Sasa sikilizeni nilipokuwa nikisisitiza. Mtoto wa kwanza alimpa swali, jibu hakumpa. Jibu lilitoka kwa mafaili na kwa safari. Mgonjwa mmoja ana nguvu sana ya kukaa kichwani, na akikaa vibaya utamwona kila pahali.

Nesi Kisauni

Mzee umenena! Mnakumbuka chikungunya ilivyotupiga hapa Mombasa mwisho wa 2017 kuingia 2018, watu wanatembea wameinama kama wazee. Basi homa na viungo ikawa kila mtu ashajua, hata makonda wa matatu wanakupa jina la ugonjwa. Akaletwa mtoto wa kiume kama miaka sita, homa, goti linauma, nyumba nzima walikuwa wameugua chikungunya. Alikuwa ashapewa panadoli pahali pengine na kurudishwa. Kilichonishtua ni kwamba goti ni moja tu. Limefura, la moto, ukimgusa anapiga ukelele, mguu haukanyagi. Chikungunya aghlabu inashika viungo vingi, vidole, viwiko vya mikono, vifundo, kulia na kushoto. Nilimfuata daktari chumbani kwake sikungoja foleni. Goti likatolewa majimaji, usaha. Akaoshwa thieta siku hiyo na antibayotiki za mshipa. Usaha ukikaa kwa kiungo siku chache gegedu linaliwa na mtoto anakuwa kiwete maisha. Huyu sasa anacheza mpira, namwona mtaani.

Wagonjwa wote wale wa chikungunya walikuwa wa kweli. Huyo mmoja hakuwa mwenzao.

Afisa wa Likoni

Nesi, hiyo nakwenda nayo kwa kikao chetu cha Alhamisi, ruhusa naomba. Na kwa walioniuliza inbox vipi unajua mwisho wa mgonjwa wa rufaa: mimi nina daftari, naandika namba ya rufaa na dalili bila jina, linafungiwa kabatini kazini, na kila wiki napigia nesi wa wadi kule ng'ambo kuuliza hizo namba. Wanajibu, wengi wanafurahi hata kuulizwa.

Binti Mji wa Kale

Kaka nimeshtuka na kisa cha mwanzo. Babangu ana miaka 70 na zaidi, anameza hiyo hiyo glibenklamaidi na hakubali kuacha kufunga, ukimwambia anasema amefunga tangu mtoto. Tumfanyeje?

Afisa wa Likoni

Dada, usimwachishe wala kumbadilishia wewe nyumbani. Mpeleke kliniki yake ya sukari kabla Shaaban haijaisha, ubebe dawa zake zote na mafuta na za miti shamba kama zipo, umwambie daktari wazi kuwa baba atafunga. Mara nyingi wanabadilisha dawa yenyewe au wanahamisha dozi iwe ya futari, na figo zipimwe. Nunueni ile mashine ndogo ya kupima, na mwambie masheikh wengi wameshasema kuchoma kidole hakufunguzi. Ikiteremka chini ya 3.9 afungue hapo hapo hata kama imebaki nusu saa adhana, ikipita 16.6 pia afungue na mpige simu. Na umwambie yule anayelala chumba kimoja naye, si wewe peke yako, ajue jasho la ghafla, kutetemeka na maneno yasiyoeleweka ni nini.