Lipu inabanduka kwenye nyumba ya mawe ya kale

Muuliza: Wakuu, nyumba hii ya ukoo ina karne kadhaa, naigeuza iwe ya kupangisha wageni wa likizo. Fundi alipiga lipu ya saruji. Sasa inabanduka, na chumvi nyeupe inatokeza huku chini. Nipake rangi ya kuzuia maji?

Mjibu 1: Usipake, nakusihi! Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Saruji na rangi ya plastiki huufungia unyevu ndani. Bandua yote, uache ukauke (ni miezi, si wiki), kisha piga lipu ya chokaa, tabaka nyembamba nyembamba.

Mjibu 2: Kweli. Ila kagua nje kwanza: mifereji ya paa, na udongo uliopanda kupita sakafu ya ndani.

Muuliza: Umepanda, tena upande uleule! Naanza kuuchimba.