Darasa la nne: wanagawanya vizuri, baki linawachanganya kwenye mafumbo

mwl_hisabati: Wakuu, wanafunzi wangu wakipewa 50 ÷ 8 wanaandika 6 baki 2 bila shida. Nikitunga fumbo: "Wanafunzi 50 wanakwenda ziara, gari moja linabeba 8, yatahitajika magari mangapi?" jibu ni lilelile, "6 baki 2". Wengine wanaandika 6.2. Nianzie wapi?

chaki_nyeupe: Usibadilishe namba, badilisha swali. Chukua mayai 100 na trei za mayai 30:
Trei ngapi zitajaa? 3.
Zinahitajika ngapi ili yai lolote lisikae nje? 4.
Trei ya mwisho ina mayai mangapi? 10.
Tendo ni moja, 3 baki 10, majibu ni matatu. Kisha wakatalie "4" tupu: jibu liwe sentensi, "Zinahitajika trei 4." Anayelazimika kuandika "magari 6 baki 2" atashtuka mwenyewe: hao wawili wanabaki kituoni?

bibi_kigawanyo: Hiyo 6.2 ni kosa jingine, lishughulikie peke yake. Baki 2 ni sehemu 2 kati ya 8, yaani robo, kwa hiyo desimali yake ni 6.25. Mikate 13 kwa watu 4 ni mitatu na robo kila mmoja, kisu kipo. Gololi 13 kwa watoto 4 ni tatu tatu, moja inabaki, gololi haikatwi. Waulize kwanza: kitu hiki kinagawanyika vipande?
Na wahakiki: 8 × 6 + 2 = 50. Akipata 5 baki 10, bado 8 nyingine inatoka humo.

kalamu_risasi: Msije mkawafundisha "ukiona magari, ongeza moja". Wape wanafunzi 48: wataandika 7 wakati 6 yanatosha. Changanya na fundi mwenye kitambaa cha mita 20, gauni moja mita 3. Gauni 6, mita 2 zinabaki, na hapo kuongeza moja ni kosa.

mwl_hisabati: Asanteni. Na maswali ya kuchagua?

chaki_nyeupe: Weka 6, 7, "6 baki 2" na 6.25 pamoja. Anachochagua kinakuonyesha alipokwama. Lakini mwambie aandike sababu pembeni, la sivyo 7 inaweza kuwa bahati tu.