Naomba ushauri: oili na risasi kwenye udongo, Kariobangi

Habari zenu wadau. Nimekodi kiploti Kariobangi nilime sukuma wiki, ila zamani palikuwa karakana: kona moja walimwaga oili chafu ya magari, nyingine walipasua betri. Oili hainitishi sana. Nimechanganya samadi, nageuza udongo upate hewa na kuunyunyizia maji ili bakteria waimeng'enye, na harufu imepungua. Kinachoninyima usingizi ni risasi, yaani ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri (lead), si ya bunduki. Hiyo ni elementi, haiozi wala haivunjwi na kidudu chochote, na watoto wa ploti hucheza kwenye vumbi hilo hilo. Litmasi ya bluu imegeuka nyekundu, yaani udongo una asidi, na asidi huilegeza risasi ikapanda kwenye mmea. Jirani anasema nimwage chokaa nipande tu. Kwa asidi ana hoja, lakini risasi itabaki pale pale. Maabara niliyoipigia simu iliniuliza nataka kipimo gani, nikakwama.

Naombeni mnisaidie: niagize kipimo cha risasi yote iliyomo, au ile tu inayoyeyuka na kufyonzwa na mizizi? Na sampuli nichote juu penye vumbi, au hadi kina cha mizizi?