Plymouth Rock wa mistari: tembe wanasifiwa, mapora wanatoka weupe mno

Mfugaji wa Ohio:

Ndugu zangu wafugaji, salamu kwenu nyote. Ninaishi Ohio, Marekani, na ninafuga kuku wa aina ya Plymouth Rock wenye mistari kwa ajili ya maonyesho, si kwa biashara ya mayai. Tembe wangu, yaani majike wachanga, wanapendeza: ukisimama mbali kidogo rangi yao inaonekana kijivu chenye ubuluu, sawasawa kuanzia shingoni hadi mkiani, na waamuzi wamewapa nafasi nzuri. Tatizo langu ni mapora, yaani majogoo wachanga. Hao ni watoto wa jogoo yuleyule na mama walewale, wametotolewa wiki moja na dada zao na kulelewa banda moja, lakini wanatoka weupe kiasi kwamba mistari ya shingoni na kiunoni inaonekana kwa shida. Katika maonyesho ya mwisho mwamuzi alikunjua bawa la pora wangu bora, akatenganisha manyoya ya mgongo mpaka ngozi ikaonekana, kisha akaandika mambo mawili kwenye kadi: rangi imefifia, na mistari ya mgongoni imepinda kwa umbo la herufi V.

Ninaomba ushauri katika mambo matatu. Je, kasoro hii inatoka kwa jogoo, hivi kwamba nikimbadilisha itaondoka? Je, ni lazima nifuge koo mbili tofauti, moja ya kupata madume na nyingine ya kupata majike, kama wafugaji wa zamani walivyofanya? Na je, mwamuzi anaweza kusamehe rangi iwapo umbo ni zuri?

Mwalimu wa Mifugo, Morogoro:

Ndugu, weupe wa mapora wako si ugonjwa wala si upungufu wa chakula. Kwa ndege, dume ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) mbili za Z, na jike ana Z moja na W moja. Jeni, yaani kipande cha urithi, inayochora mistari imo kwenye Z. Kwa hiyo jogoo aliye safi hubeba nakala mbili, ilhali jike hawezi kubeba zaidi ya moja, na kwa kuwa kila nakala huzuia weusi kwa kiasi chake, dume huwa mweupe kuliko dada yake hata wakiwa wa baba na mama mmoja. Tofauti hii huonekana tangu siku ya kwanza: kifaranga huanguliwa na malaika (manyoya laini ya mwanzo) meusi yenye doa jeupe kichwani, na doa la dume kwa kawaida ni kubwa zaidi na halina mpaka ulio wazi.

Sasa angalia urithi unavyokwenda. Tembe hupata Z yake kwa baba peke yake, kwa sababu mama humpa W. Pora hupata Z moja kwa baba na nyingine kwa mama. Zaidi ya hapo, kina cha weusi wenyewe hutawaliwa na jeni nyingine zilizotawanyika, ambazo baba na mama wote huzitoa. Kumbadilisha jogoo na kuwaacha mama walewale hakutakuondolea tatizo, maana nusu ya jawabu imo kwa mama.

Kupinda kwa mistari ni jambo la pili, nalo lina chanzo chake. Rangi huwekwa wakati unyoya unakua, ukanda mweusi kisha mweupe, kama msusi wa ukili anavyopishanisha miyaa iliyotiwa rangi na isiyotiwa. Unyoya unaokua polepole hupata mistari myembamba, iliyonyooka, yenye ukingo mkali. Unaokua haraka hupata mistari mipana iliyopinda na kuchanganyika ukingoni. Jeni ya kuota manyoya polepole nayo imo kwenye Z, na koo nzuri za maonyesho huwa nayo. Watazame vifaranga wako wakifika siku 10. Yule ambaye mkia wake umeshachomoza na manyoya ya bawa yamekuwa marefu ni wa kuota haraka. Yule ambaye bado hana mkia ndiye wa kumwekea alama mguuni. Iwapo uliwahi kuingiza damu kutoka kwenye vituo vinavyototolesha vifaranga vya mayai, huenda mpindo huo uliingia hapo, kwa sababu huko kuota haraka ni sifa inayotafutwa.

Kuhusu koo mbili: desturi hiyo ni ya kweli na ina sababu zake. Ili kupata madume wa maonyesho, wafugaji walimpandisha dume mwenye rangi ya kiwango kwa majike weusi sana, wenye mistari myeupe na myembamba, ambao wenyewe wasingeweza kuonyeshwa. Ili kupata majike wa maonyesho, waliwapa majike wenye rangi ya kiwango dume mweupe kuliko kiwango. Kwa maelezo yako, wewe tayari una ukoo wa majike: tembe wazuri na kaka weupe ndiyo alama yake. Hasara ya mfumo huu ni kwamba katika kila ukoo jinsia moja haifai kuonyeshwa, na ukizichanganya koo hizo mbili unavuruga kazi ya miaka mingi. Kwa mfugaji mwenye mabanda machache, mimi ninashauri ukoo mmoja, lakini acha kuwachinja tembe weusi kupita kiasi. Hao ndio mama wa mapora unaowatafuta.

Karani wa Waamuzi, Pennsylvania:

Naomba niongeze kutoka upande wa mezani, kwa sababu kazi yangu ni kutembea na waamuzi na kuandika wanayoyasema.

Mwamuzi makini haanzi na rangi. Husimama mbele ya kizimba bila kumgusa kuku, akamtazama anavyojibeba: mgongo mpana na mrefu, kifua kirefu kwenda chini na kilichojaa, mkia usiosimama wima wala kuanguka. Baada ya hapo ndipo anapomtoa. Hupima mwili kwa mkono, akapapasa mfupa wa kidari kama umenyooka, akakunjua bawa, kisha akatafuta mistari mpaka kwenye malaika karibu na ngozi. Hapo ndipo wengi wanapoangukia, kwa sababu mistari ya juu inaweza kuwa safi huku chini kukiwa na ukungu wa kijivu mtupu. Ncha ya kila unyoya inatakiwa kumalizika kwa rangi nyeusi. Ndiyo inayofanya kuku mzima aonekane na ule ubuluu ulioutaja.

Uzito nao unatazamwa. Kiwango cha Marekani kinataka jogoo wa kilo 4.3 hivi, pora kilo 3.6, kuku jike mzima kilo 3.4 na tembe kilo 2.7. Upanga wa kichwani uwe wima wenye meno matano, ndewe (nyama za masikioni) ziwe nyekundu, miguu iwe ya njano. Kijiti kinachochomoza ubavuni mwa upanga humwondoa kuku mashindanoni moja kwa moja, hata akiwa na rangi ya kupendeza namna gani, na hali kadhalika vinyoya kwenye miguu. Tena msithubutu kuving'oa: tundu lililobaki huonekana, na udanganyifu huadhibiwa kama kasoro yenyewe.

Upanga una historia yake katika aina hii. Kuku hawa walipoonyeshwa Worcester, Massachusetts, mwaka 1869, walifanana mno na Dominique, ambao pia wana mistari. Mwaka uliofuata, huko New York, iliamuliwa kwamba wenye upanga bapa wa waridi ndio Dominique, na wenye upanga wa wima wahesabiwe Plymouth Rock. Kitabu cha kwanza cha viwango cha chama cha wafugaji wa kuku cha Marekani kilipotoka mwaka 1874, wa mistari walikuwamo. Mpaka leo mistari ya Dominique inaruhusiwa kutonyooka sana. Ya Plymouth Rock hairuhusiwi. Kwa hiyo mwamuzi wako hakukuonea aliposhika mpindo ule.

Sasa nijibu swali lako la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa. Kuku wako kwanza hushindana na wa mistari wenzake, na hapo rangi ina uzito mkubwa. Akishinda, hukutana na Plymouth Rock weupe, wa rangi ya dhahabu na wengineo, ili apatikane bora wa aina nzima. Kisha huenda kushindana na aina nyingine za kundi la Kimarekani. Plymouth Rock mweupe hana mistari ya kumtetea, anasimama kwa umbo tu, na mara nyingi umbo lake ni zuri sana. Mfugaji aliyetumia miaka yake yote kwenye mistari akasahau mgongo hushindwa hapo, na nimeshuhudia hayo yakitokea kwa kuku ambaye manyoya yake yangefaa kutundikwa ukutani. Mchague jogoo kwa mwili kwanza, halafu mtafutie majike wa kumrekebisha rangi. Rangi ninaona ni rahisi zaidi kurudishwa. Mgongo mwembamba hukaa kwenye ukoo vizazi na vizazi.

Mfugaji wa Ohio:

Ninawashukuru sana, Mwalimu na Karani. Tembe weusi ninao wachache ambao sikuwa nimewapangia kazi. Swali dogo lililobaki: katika kuchagua pora wa kuwapandisha, nimtazame akiwa na umri gani? Na manyoya meupe ya baadhi yao yamepata unjano mgongoni; je, huo nao ni wa urithi?

Mama Kuku, Minnesota:

Kaka, unjano huo mara nyingi ni wa jua. Kuku wanaoshinda uwanjani wakati wa kiangazi hupata rangi kama ya shaba kwenye mistari myeupe, na mahindi mengi ya njano huongeza. Wale unaokusudia kuwaonyesha waweke kivulini manyoya mapya yanapoanza kuota. Unjano ukirudi kwa kuku aliyelelewa kivulini, hapo ndipo ushuku urithi.

Kuhusu umri, usihukumu mistari kabla manyoya ya utu uzima hayajakamilika, na ukoo wa kuota polepole huchelewa. Maonyesho yakiwa Novemba, mimi hutotolesha Machi au mwanzoni mwa Aprili, ili tembe wafike wakiwa karibu kutaga lakini hawajaanza. Tembe akishataga kwa muda, njano ya miguuni huhamia kwenye viini vya mayai, na mwamuzi anakutana na miguu iliyopauka. Pora mchague mwishoni mwa vuli, mwili ukiwa umetanuka: ng'oa unyoya mmoja wa kiunoni na mmoja wa mgongoni, viweke juu ya karatasi nyeupe, uhesabu mistari na kutazama kama inafika chini kabisa kwenye shina. Andika namba ya pete ya kila kuku kwenye bahasha ya unyoya wake, kisha linganisha na bahasha za tembe weusi kabla hujawatia banda moja.